Pesa za shule zimebandikwa ubaoni, nani kasoma?

Safari hii barua nyingi zimehusu shule za serikali: michango, matokeo, walimu, na nani hasa mwenye sauti juu ya shule. Nimechukua chache. Walioniuliza "elimu bure imeishia wapi" ni wengi mno, nami swali hilo nimelijibu hadi nimechoka. Nitalijibu mara moja tu hapa chini, wengine msome hapo hapo.

Tuliambiwa elimu bure. Mbona mwalimu mkuu anadai sare, madaftari, na sasa mahindi ya uji? (Mzazi, Chanika)

Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, toka awali hadi kidato cha nne. Mwaka 2022 ikafutwa na ada ya kidato cha tano na cha sita. Sare, madaftari, kalamu na nauli vilibaki kwa mzazi tangu siku ya kwanza, na waraka wa 2016 uliofafanua utekelezaji ulitaja hivyo bila kificho. Chakula kina mwongozo wake wa mwaka 2021: mtoto ale shuleni, mzazi achangie. Kiasi cha mahindi hakipangwi Dodoma, kinapangwa na mkutano wa wazazi. Sasa nikuulize mimi: mkutano ulipokaa, ulikuwa wapi? Kama ulikuwa na sababu ya kukosa, muhtasari upo kwa mwalimu mkuu. Kausome kwanza, tuandikiane baadaye.

Mwanangu karudishwa nyumbani kwa kuwa sijalipa 2,000 ya mlinzi. Ni halali? (Dereva wa bodaboda, Kahama)

Si halali. Mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango wowote, uwe wa mlinzi, wa mtihani au wa dawati. Rais Magufuli alilipigia marufuku jambo hili hadharani Januari 2018, na hakuna aliyekuja baada yake akalihalalisha. Kesho mpeleke mtoto shule, na barua fupi umkabidhi Afisa Elimu Kata, nakala kwa mtendaji wa kata. Usiende kumfokea mwalimu mbele ya darasa, huko utapoteza haki yako yote.

Ila mlinzi naye anakula. Wazazi wakikubaliana kwa hiari kumlipa, wachange kwa utaratibu na kila mtu apate stakabadhi. Ukiambiwa "tuma kwenye namba hii ya simu", na namba yenyewe ni ya mwalimu, usitume.

Kila mwezi tunasikia mabilioni yameshuka shuleni. Mbona shule ya mwanangu haina hata chaki? (Mama wa watoto wanne, Mbagala)

Hili ndilo swali ninalolipenda, tulipigie hesabu.

Kiwango cha fedha za uendeshaji kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Kwa mwaka, si kwa mwezi. Kiwango hicho tulikirithi kutoka MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi wa mwaka 2002, enzi ambazo dola moja ilikuwa karibu na shilingi 1,000. Katika hiyo 10,000, shilingi 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Zinazofika kwenye akaunti ya shule ni 6,000, nazo hugawanywa kwa miezi. Inakuwa shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi, haitoshi hata soda.

Chukua shule yenye watoto 900. Kwa mwezi inapata shilingi 450,000. Hapo kuna chaki, ukarabati, michezo, shajala za ofisi, nauli ya mwalimu anayeitwa wilayani, na mitihani. Darasa la saba wakiwa 120, masomo sita, kila mtihani kurasa nne, na mwenye mashine akikuhurumia kwa shilingi 50 ukurasa, jaribio moja tu limemeza 144,000. Karibu theluthi ya mwezi imekwenda. Kitasa cha mlango wa choo kikivunjika wiki hiyo, basi kimevunjika.

Kwa hiyo "mabilioni" ni kweli, na chaki kuisha nako ni kweli. Mabilioni yakigawanywa kwa mamilioni ya watoto yanakuwa sarafu. Sekondari wana nafuu kidogo: shule hupata 12,500 ya uendeshaji kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 20,000 nyingine ya kufidia ada iliyofutwa kwa wa kutwa.

Na tafadhali, ile posho ya madaraka ya 200,000 anayolipwa mwalimu mkuu kwa mwezi ni yake, haichotwi kwenye fungu la watoto. Nimechoka kupokea barua za "mwalimu mkuu anajilipa laki mbili".

Haya, kuna walimu wakuu wanaokula? Wapo. Lakini huwezi kumkamata mtu kwa pesa usiyojua ni kiasi gani. Idadi ya watoto unaijua. Zidisha kwa 500, kisha uingie mkutanoni na karatasi yako.

Naruhusiwa kuona mapato na matumizi ya shule? Mimi si mjumbe wa kamati. (Songea)

Unaruhusiwa. Hubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Zisipobandikwa, uliza mbele ya mkutano, si pembeni.

Tunataka mwalimu mkuu aondolewe. Tumwandikie Waziri wa Elimu? (Wazazi, Moshi Vijijini)

Mnaweza, na barua itakwenda kulala. Waziri wa Elimu ana sera, mitaala na wathibiti ubora, wale tuliozoea kuwaita wakaguzi. Shule zenyewe ziko chini ya TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia mikoa na halmashauri, na kwa hapo mlipo ziko chini ya halmashauri yenu, moja kati ya 184 za Tanzania Bara. Mwalimu mkuu hupangwa na kuvuliwa madaraka na mkurugenzi kwa ushauri wa afisa elimu. Makosa makubwa ya nidhamu yanakwenda Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015. Kuhamishiwa mkoa mwingine, hiyo ni TAMISEMI.

Njia yenu iko hivi: kamati ya shule ikae, iandike malalamiko yenye tarehe na viwango, muhtasari upite kwa Afisa Elimu Kata hadi kwa mkurugenzi, nakala kwa diwani. Kamati ina wajumbe mliowachagua wenyewe, na mwenyekiti ni mzazi. Mwalimu mkuu ni katibu tu. Najua mnachotaka kuniambia: katibu ndiye anayeandika muhtasari, mwenyekiti anasaini bila kusoma, anapewa soda na nauli, anaondoka. Basi huyo mwenyekiti ndiye wa kuanza naye. Nimeshuhudia shule zikibadilisha walimu wakuu mmoja baada ya mwingine huku mwenyekiti yule yule amekaa, na kila aliyekuja aliharibikia pale pale.

Halafu mkiandika, msiandike "ana majivuno". Hilo si kosa la kazi.

Mimi niko Chake Chake. Haya ya waraka namba 5 yananihusu? (Pemba)

Hapana. Elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake na sheria yake.

Shule yetu imefaulisha asilimia 90. Kwa nini unasema tusishangilie? (Mwalimu mstaafu, Iringa)

Sikusema msishangilie, mwalimu wangu. Nilisema msome namba hadi mwisho.

Mtihani wa darasa la saba una alama 300. Anayehesabiwa amefaulu ni mwenye daraja A, B au C, na C inaanzia alama 121. Mwaka 2024 tuliambiwa ufaulu kitaifa ni asilimia 80.87, na ni kweli. Ila ndani yake yumo mtoto wa alama 122 na yumo wa alama 270, wote wanaitwa "wamefaulu", wote wanapangiwa kidato cha kwanza kinachofundishwa kwa Kiingereza. Yule wa 122 ndiye utakayemkuta kidato cha pili akinakili ubao neno kwa neno kama anachora ramani.

Sekondari ni hivyo hivyo. Kidato cha nne mwaka 2024 ufaulu ulitajwa kuwa asilimia 92.37. Waliopata daraja la kwanza hadi la tatu walikuwa asilimia 43 hivi. Waliosalia katika hao "waliofaulu" ni daraja la nne. Sisi tuliokumbuka matokeo ya 2012, yale ambayo zaidi ya nusu walipata sifuri mpaka serikali ikayafuta na kuyapanga upya, tunajua asilimia inaweza kupanda na kushuka kwa kupanga upya madaraja tu.

NECTA, Baraza la Mitihani, iliacha kutangaza shule kumi bora mwanzoni mwa 2023. Wengine mlilalamika. Mimi niliona afadhali, maana zile kumi zilijaa shule zinazochuja watoto mlangoni, ikawa shule ya kata yenye watoto mia moja chumba kimoja inapimwa kwa rula ya shule ya watoto thelathini waliochaguliwa. Mkitaka kujua shule yenu inafundisha, ulizeni mambo mawili: walioandikishwa darasa la kwanza walikuwa wangapi na waliofanya mtihani ni wangapi, na wastani wa shule umekwenda wapi kwa miaka mitatu. Wastani umeandikwa juu kabisa ya ukurasa wa matokeo. Watu wanauruka wakatafute jina la mtoto wa jirani.

Halmashauri si iajiri walimu kwa mapato yake? (Geita)

Kuajiri walimu wa kudumu inavyotaka yenyewe, hapana. Vibali vinatoka serikali kuu na mishahara inatoka Hazina. Lakini wewe uko Geita, una swali kubwa zaidi ya hilo na hukuliuliza. Kampuni kubwa inalipa halmashauri ushuru wa huduma unaokatwa kwenye mauzo, na mgodi juu yake una mpango wa huduma kwa jamii ambao sheria ya madini, tangu marekebisho ya 2017, inataka ukubaliwe na halmashauri. Umewahi kumuuliza diwani wako mwaka huu zimekwenda shule ipi? Baraza la madiwani hukaa kila robo mwaka na kikao ni cha wazi. Viti vya wananchi huwa vitupu, wanakaa waandishi wawili na dereva wa mheshimiwa.

Tulichanga tukajenga boma la madarasa mawili hadi lenta. Mwaka wa tatu sasa halijapauliwa. (Kondoa)

Poleni. Mlifanya kosa ambalo vijiji vingi vinafanya: mliinua kuta kabla boma halijaingia kwenye mpango wa halmashauri. Ahadi ya "ninyi inueni, serikali itapaua" ikitolewa jukwaani haina kifungu cha bajeti. Mwaka 2021 fedha za tozo ya miamala zilipokamilisha maboma 560 ya madarasa ya sekondari, kila darasa lilitengewa milioni 12.5. Darasa jipya, toka msingi, lile la fedha za UVIKO, lilikuwa milioni 20. Pelekeni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji kwenye kamati ya maendeleo ya kata kabla bajeti haijafungwa, na mtaje boma kwa jina.

Fedha zikija kwa fosi akaunti, yaani mnanunua vifaa na kulipa mafundi wenyewe bila mkandarasi, mtaunda kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Hiyo ya mapokezi msiweke wapole. Niliwahi kufungua daftari la mapokezi la shule moja: mchanga tripu kumi na mbili, zote siku moja, kalamu moja, mkono mmoja, saini tatu. Mjumbe mmoja aliniambia alisainishwa sokoni, yuko kwenye genge lake anapanga nyanya.

Mwanangu alikuwa darasa la tatu 2024, mtaala mpya ulipoanza. Kweli anaishia la sita? (Mama, Tabora)

Kweli. Anamaliza 2027. Na hapo hapo 2027 wale waliokuwa darasa la nne 2024 wanamaliza la saba kwa mtaala wa zamani. Kwa hiyo Januari 2028 madarasa mawili yanagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja. Mwaka wa fedha 2027/28 unaanza Julai 2027, miezi sita tu kabla watoto hawajaingia, na darasa la kuanza kuchimbiwa msingi Julai halina hakika ya kuwa na madirisha Januari. Bajeti ya kuangalia ni ya 2026/27. Muulize diwani wako vyumba vingapi vimeandikwa humo kwa kata yako, na akikwambia "serikali inalifanyia kazi", mwombe ukurasa.