Shamba likichoka, msitu ndo unalipa: maswali yenu na majibu

Habari zenu wasomaji wangu. Tangu niandike kuhusu vijiji vya Usambara Mashariki, kule Amani wilaya ya Muheza, ambako wanakijiji wenyewe wamebeba jukumu la kulinda misitu yao, meseji zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea. Nimechagua sita za kujibu leo, majibu mengine marefu mengine mafupi, mnivumilie.

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, tuko juu huku Amani. Shamba la iliki tulirithi kwa wakwe, zamani tulikuwa tunajaza magunia, sasa hivi hata debe shida. Mume wangu anataka tusogee ndani zaidi, tufyeke chini ya miti mikubwa tupande upya. Mi naogopa, msitu wenyewe umebaki kidogo. Tufanyeje?

Marahaba mama. Mwambie baba watoto asifyeke hata hatua moja mpaka msome hii mkiwa wote wawili. Iliki inapenda kivuli, ndo maana wazee walikuwa wanafyeka vichaka na miche ya chini halafu miti mikubwa wanaiacha. Ukiangalia kwa mbali unasema msitu upo, ila ukiingia unakuta ile miti imebaki kama wazee wasio na wajukuu, mmoja ukianguka hakuna mdogo wa kushika nafasi yake. Na baada ya miaka kadhaa iliki inachoka, watu wanapanda mahindi na mihogo pale, halafu wanasogea tena mbele, na ndo hivo hivo msitu unaliwa taratibu bila mtu kujiona kuwa yeye ndo anaumaliza.

Udongo wa huko juu pamoja na mvua zote zile sio tajiri kama watu wanavyodhani, rutuba iko pale juu juu kwenye majani yanayooza, ukiuacha wazi masika mawili matatu yanashuka nayo yote mpaka mto Zigi. Na Zigi ndo unajaza bwawa la Mabayani, jiji la Tanga linakunywa humo, yaani jembe lako mama linaonekana kwenye ndoo ya mtu wa Ngamiani.

Kwa hiyo litibuni hilo hilo shamba lililochoka. Anzeni na maji. Fungeni fito tatu ziwe umbo la herufi A, mning'inize kamba yenye jiwe toka kileleni, fito ya katikati muiwekee alama, hicho ndo kipimo chenu. Mnatembea nacho kukata mteremko, kila kamba ikitulia kwenye alama mnachomeka kijiti, mkimaliza vijiti vinawaonyesha mstari uliolala sawa kuzunguka mlima. Chimbeni mtaro hapo udongo mkiutupa upande wa juu, ndo ile wanaita fanya juu, kwenye tuta pandeni majani ya guatemala ng'ombe ale, na samadi yake irudi shambani. Baada ya hapo wekeni pilipili manga, ipande kwenye miti ya gilirisidia ambayo majani yake mnayapunguza na kuyatandaza chini yaoze, na katikati karafuu na mdalasini. Iliki yenye nguvu iacheni hapo hapo. Pilipili inataka subira, hesabuni kuanzia mwaka wa tatu hivi, huku nyuma migomba na magimbi viwalishe.

Kitu kimoja nasisitiza maana nimeona hela ikimwagika hapa: msichume pilipili mbichi kabisa kwa sababu ya njaa ya hela ya haraka. Subirini kwenye kishada punje moja au mbili ziwe zimeanza kuwa nyekundu, halafu mkaanike juu ya turubai au mkeka na sio chini kwenye vumbi. Kilo tatu mbichi zinabaki kama kilo moja kavu, kwa hiyo mnunuzi anayekuja kununua mbichi mlangoni kwa bei ya kuwaonea huruma, pigeni hesabu kwanza kabla hamjampa.

Kaka naomba uniambie ukweli, kwa nini kila mradi wa mazingira ni akina mama akina mama? Sisi wanaume hatuna misitu?

Mnayo ndugu yangu, na swali lako sio baya. Lakini jiulize nani anaingia msituni mara nyingi zaidi kwa wiki. Kuni ni mama, maji ni mama, mboga za porini na dawa ya mtoto mwenye homa ni mama, yeye ndo anajua chemchemi ipi imepunguza maji mwaka huu kabla hata mwenyekiti hajajua. Sasa semina ikija anaitwa baba, anafundishwa matuta siku mbili, anapewa posho na daftari, Jumatatu asubuhi anayeshika jembe ni mama ambaye hakuwepo kwenye semina. Nimeliona hili kwa macho yangu, matuta yamechimbwa kufuata mteremko badala ya kuukata, mvua ya kwanza tu yote yakaenda, na yule mama akalaumiwa. Basi waiteni wote wawili, mi sina ugomvi na hilo hata kidogo. Ila kama nafasi ni moja, mpeni anayelima.

Jiko banifu kweli linasaidia au ni maneno ya semina tu?

Linasaidia kupunguza kuni, kama limejengwa vizuri na kama kuni ni kavu. Udongo wa kichuguu, mchanga, majivu, maji, unakanda mpaka ushikane, mdomo wa kuni uwe mdogo na sufuria ikae imebana. Jiko la mafiga matatu moto mwingi unakimbilia pembeni. Na panda miti ya kuni mpakani mwa shamba lako, maana hata jiko zuri linataka kuni.

Nilisikia wanawake wa Amani wanafuga vipepeo wanauza Ulaya. Ni kweli au stori? Na mi nataka kuanza.

Ni kweli kabisa. Kwanza walianza Wakenya, mradi wa Kipepeo pale Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, mwaka 1993, halafu Amani wakafuata miaka ya 2000 mwanzoni na wafugaji wengi wakawa wanawake. Nilikaa siku moja na mama mmoja kwenye kibanda chake cha neti, ndani kuna miche kwenye makopo, kipepeo jike anataga kwenye majani ya mche anaoutaka yeye na sio mwingine, ukikosea mche hatagi. Viwavi wanakula usiku na mchana, yule mama anasema ukinyamaza unawasikia wakitafuna, na kweli nikanyamaza nikasikia. Wakishiba wanajining'iniza kuwa mabundo, yaani pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa kipepeo, ukiangalia haraka unadhani ni majani makavu, hapo ndo yanachumwa, yanafungwa kwenye pamba na kusafirishwa ndani ya siku chache kwenda kwenye bustani za maonyesho huko Ulaya na Marekani. Uzuri wake ni kwamba mbegu ya vipepeo na miche yao vinatoka msituni, kwa hiyo akija mtu na msumeno, hawa akina mama wanakuwa wa kwanza kupiga kelele, wanalinda cha kwao.

Sasa kabla hujakimbia kununua neti nisikilize. Mwaka 2016 serikali yetu ilizuia kusafirisha wanyama hai nje ya nchi, na vipepeo wakaingia humo humo, watu waliokuwa wanalipa ada za watoto kwa mabundo wakabaki na vibanda vitupu. Iliniuma sana, maana hawa hawakumtoa twiga wa mtu, walikuwa wanazalisha wenyewe. Kwa hiyo kabla ya yote nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya uulize kinachoruhusiwa kwa sasa, na usiweke mayai yote kapu moja, vipepeo viwe pamoja na viungo, nyuki na kuku.

Mume wangu alifariki mwaka jana. Shamba tulipanda wote migrevilia na karafuu kwa mikono yetu. Sasa shemeji zangu wanasema mila hairuhusu mwanamke kumiliki shamba, wanataka kukata miti wauze mbao. Niko Korogwe, nisaidie.

Pole sana dada yangu, pole kwa msiba na pole kwa haya yaliyofuata. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema wazi haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanaume, na mila yoyote inayomnyima mwanamke haki hiyo ni batili. Usikubali mtu akuambie mila iko juu ya hapo.

Fanya hivi wiki hii. Nenda kwa mtendaji wa kijiji na malalamiko ya maandishi, ubaki na nakala yenye muhuri. Omba baraza la ardhi la kijiji likae, wajumbe wake ni saba na watatu lazima wawe wanawake, kama hawapo uliza kwa nini. Halafu fungua mirathi mahakama ya mwanzo, beba cheti cha ndoa kama unacho, cheti cha kifo, na majirani wawili watatu walioona mkipanda hiyo miti. Wasaidizi wa kisheria wapo wilayani na hawalipishi. Piga picha miti yote kwa simu leo leo.

Na ninyi mnaosoma mkiwa na waume zenu hai, hati ya hakimiliki ya kimila iandikwe majina mawili. Mtu hawezi kupanda mti wa miaka ishirini kwenye ardhi anayoweza kufukuzwa baada ya arobaini.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya maliasili, Kilwa. Wanawake tuko watatu kati ya kumi na wawili, mkutanoni tunakaa nyuma, maamuzi yakija tumeshapitwa. Na watu wanaendelea kufyeka pori wapande ufuta.

Dada, kaeni mbele. Nasema kweli, nendeni mapema mkakae mbele. Kilwa ninyi mna bahati ambayo wengine wanaililia, vijiji vyenu vya kwanza vilipata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha kuthibitisha kuwa msitu unavunwa bila kuumaliza, mwaka 2009 kwa misitu yao ya mpingo, na kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 mapato ya msitu wa hifadhi wa kijiji yanabaki kijijini. Hiyo hela ndo dawa ya ufuta, kwa sababu anayehamahama kufyeka pori jipya anafanya hivo kwa kuwa pale alipo magugu yamemshinda na udongo umechoka. Ombeni sehemu ya hela iende kwenye mbegu bora na mafunzo ya kulima shamba moja miaka mingi, kwenye visima vya karibu, na kwenye posho ya doria wanawake nao wakiwemo.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu, simama wewe uombe taarifa ya mapato na matumizi isomwe kwa sauti, mwenzako aandike kila tarakimu kwenye daftari. Na saa ya mkutano mbadilishe, kama wanaita saa tatu asubuhi wakati ninyi mko kisimani, pendekezeni saa tisa alasiri.