Maswali ya Fizikia: Kipimajoto Chenu Ni Kizima

*Shikamoo mwalimu. Naomba project nzuri ya fizikia ya kushinda. (Kidato cha Tatu, Tukuyu)*

Marahaba. Sina. Swali hili huja kila mwaka mashindano yakikaribia, maneno yale yale. Niandikie jambo uliloliona kwa macho yako ukashindwa kulieleza, na vifaa ulivyonavyo vya kulipimia. Hapo tutaongea.

*Tumechemsha maji maabara, kipimajoto kikagota kwenye nyuzi 94. Mwalimu akaleta kingine, nacho vile vile. Tufanyeje? (Kidato cha Pili, Mbeya)*

Msitafute cha tatu. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa huku ni mdogo, kwa hiyo maji yanawahi kuchemka. Zile nyuzi 100 za kitabuni ni za pwani. Kwa kukadiria, kila mita 300 unazopanda zinakupunguzia nyuzi moja. Maji yanachemka yakiwa na joto dogo, ndiyo maana maharage ya huku yanamaliza mkaa kuliko ya Dar es Salaam.

Sasa project mnayo mikononi na mnataka kuitupa. Mwenye ndugu Kyela, ambako mwinuko ni mita 500 hivi, akapime huko: tegemeeni nyuzi 98 na ushee. Kipimajoto kiwe kile kile, sufuria ile ile, maji safi kiasi kile kile, na ncha isiguse chini ya sufuria. Kabla ya safari kitumbukizeni kwenye barafu inayoyeyuka. Kisiposoma sifuri, andikeni kimepotoka kwa kiasi gani. Pimeni zaidi ya mara moja kila mahali. Kinachobadilika kiwe mwinuko tu. Akitokea mtaalamu wa kuongeza chumvi ili project inoge, mnyang'anyeni chumvi.

Msihangaike kulinganisha Mbeya na Iringa. Miji hiyo haipishani sana kwa mwinuko, na kipimajoto chenye mistari ya nyuzi moja moja hakitaona kitu. Na asiwepo wa kukaza mfuniko wa kopo juu ya moto eti apime mvuke. Kopo likipasuka linakwenda na macho ya mtu.

*Nimebuni mota inayozungusha dainamo, na dainamo inaiendesha mota, umeme hauishi. Nipeleke wapi? (Makambako)*

Toa kwanza betri iliyo chini ya boksi.

*Pendulamu yangu ya uzi wa sentimita 30 na jiwe, nikipima mbembeo mmoja mmoja, imenipa g (mchapuko wa mvutano wa dunia) ya 9.2. Wenzangu wote wameandika 9.8 na wananiambia nirekebishe. (Kidato cha Nne, Iringa)*

Wenzako wamepika, tena kwa moto mkali. Usirekebishe chochote. Umesema ulitumia uzi wa sentimita 30 na jiwe. Uliupima kuanzia wapi hadi wapi? Nahisi uliishia kwenye fundo. Urefu unaotakiwa unafika katikati ya jiwe. Kama katikati yake iko sentimita 2 chini ya fundo, urefu wako ni 32, na 9.2 yako inakuwa 9.8 bila kuiba.

Halafu umehesabu mbembeo mmoja mmoja! Kidole kwenye stopwochi huchelewa kama sekunde 0.2, na mbembeo wako mzima hauzidi sekunde 1.2. Hesabu mibembeo 20, gawa kwa 20, kosa linabaki dogo. Usivute jiwe mbali. Nyuzi 10 zinatosha.

Badilisha urefu mara tano au sita, kisha chora grafu ya kipeo cha pili cha muda wa mbembeo mmoja dhidi ya urefu. Hapa ndipo utamu ulipo: hata ukiendelea kupima hadi kwenye fundo, mwinamo wa mstari haubadiliki, ila mstari hautapita kwenye sifuri. Pale unapokata mhimili wa urefu, upande wa hasi, ndipo zilipo zile sentimita 2 ulizozisahau. Ukigawa 4π² kwa mwinamo huo unapata g.

Ukimaliza, waombe wenzako daftari lenye namba za stopwochi. Jibu lao wabaki nalo.