Usimhamishe mtoto kwa ajili ya asilimia iliyoandikwa ukutani

Usimhamishe. Umeandika kwamba mwanao yuko darasa la pili, kwamba bado anasoma kwa kuunganisha silabi mojamoja, na kwamba umekwisha kuchukua fomu za shule nyingine ya msingi ya umma kwa sababu ufaulu wake ni asilimia 96, ina klabu sita na umoja wa wazazi wenye nguvu. Kisha ukauliza muhula upi unafaa kuhama, klabu ipi achague na jinsi ya kumuaga mwalimu wake wa sasa bila kumuudhi. Nilipofika kwenye ile asilimia nilishindwa kuendelea kusoma kwa utulivu, kwa kuwa ni namba kama hiyo iliyomgharimu binti yangu miaka miwili.

Shule aliyoanzia binti yangu haikuwa na sifa yoyote. Kila wiki mwalimu wake wa darasa la pili aliwaita watoto mezani pake mmoja baada ya mwingine, akawasikiliza wakisoma ukurasa mmoja, kisha akaandika kwenye daftari maneno yaliyowakwaza. Niliwahi kuliona daftari hilo, limechakaa pembe zote, nikalichukulia kuwa ni dalili ya unyonge wa shule: wenzao wana kompyuta, hawa wana daftari. Huo ndio uliokuwa upeo wangu wa mambo ya elimu, na mimi nina shahada.

Aliyenipoteza ni mzazi mwenzangu, mjumbe wa kamati katika shule nyingine yenye sifa ya ufaulu, aliyenihakikishia kwamba pale mtoto akiingia tu hubadilika. Baadaye sana niligundua kwamba watoto wake watatu walijua kusoma kabla ya kuanza darasa la kwanza, kwa hiyo hata angewaandikisha kwenye ghala la saruji wangefaulu. Simlaumu sana kwa kutojua. Namlaumu kwa kunipigia simu mara tatu kunisisitiza. Mwalimu wa taaluma wa shule ile namlaumu zaidi, maana yeye alijua. Alinitembeza, akanionyesha maktaba, vikombe na ukuta ulioandikwa ufaulu wa miaka mitano kwa rangi ya buluu, lakini nilipomwambia kwamba mtoto wangu bado anasuasua katika kusoma, alitabasamu na kusema, "Atazoea."

Hakuzoea. Walimu wa darasa la tatu pale walifundisha wakichukulia kwamba kila aliyeketi mbele yao anasoma bila shida, na tangu wiki ya kwanza binti yangu alikuwa akinakili ubaoni maneno asiyoweza kuyatamka. Nilipouliza kuhusu masomo ya ziada niliambiwa yapo, na ni kweli yalikuwepo, ila yote yalikuwa ya darasa la mwisho, linalofanya mtihani unaoandikwa ukutani. Klabu nazo zilikuwepo. Alijiunga na ya sanaa, akachora vizuri mno. Maoni ya mwalimu kwenye ripoti yake ya muhula nilimsomea mimi. Umoja wa wazazi ulikuwa hai kwelikweli, na katika mwaka wetu wa kwanza ulichangisha fedha za kupaka upya ule ukuta. Nilichanga.

Mwisho wa mwaka niliitwa nikashauriwa arudie darasa. Nilisaini bila kuuliza swali la pekee lililokuwa na maana, yaani mwaka huo wa kurudia utakuwa na tofauti gani na ule uliopita. Haukuwa na tofauti. Alipewa kitabu kilekile, kwa mwendo uleule, akiwa na aibu ya kuketi na wadogo zake, na hakuna mtu mzima aliyekaa naye hata robo saa akamsikiliza akisoma. Mwisho wa mwaka wa pili niliitwa tena, safari hii kwa upole zaidi, nikaambiwa nimtafutie "shule itakayomfaa". Ilinichukua hadi nafika kituo cha basi kuelewa kwamba nilikuwa nimeonyeshwa kiwanda cha ile asilimia kutoka ndani, na kwamba mwanangu alikuwa sehemu ya takataka zake.

Piga hesabu mwenyewe. Tuseme watoto 60 wameanza darasa la kwanza, na njiani 15 walio dhaifu wakaelekezwa kwingine. Wanabaki 45, wanafaulu 43, na ukutani inaandikwa asilimia 96. Kama wale 15 wangebaki na wakafeli, watoto walewale 43 wangeipa shule asilimia 72. Tofauti hiyo ya pointi 24 imepatikana bila mwalimu yeyote kufundisha vizuri zaidi hata kwa dakika moja. Na kama darasa la mwisho lina watoto 25, kila mmoja wao ni pointi nne, kwa hiyo homa ya mtoto mmoja siku ya mtihani inatosha kuishusha shule kutoka "bora" hadi "imeporomoka".

Jambo hili si siri. Mwaka 1966 ripoti ya mwanasosholojia James Coleman nchini Marekani, iliyohusu zaidi ya wanafunzi 600,000, ilionyesha kwamba tofauti za matokeo ya watoto zinafungamana sana na familia wanazotoka. Maana yake ni kwamba wastani wa shule unaweza kuwa unakueleza habari za wazazi kuliko za walimu. Mwaka 2017 mtafiti Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford alichapisha uchambuzi kuhusu shule za umma za Chicago, ambazo wastani wake ulikuwa chini ya ule wa taifa, akakuta kwamba kati ya darasa la tatu na la nane wanafunzi wake walipiga hatua ya takriban miaka sita ndani ya miaka mitano. Mtu wa kutazama ukuta angewahamisha watoto kutoka huko huko walikokuwa wakikua haraka. Mimi ni mtu wa kutazama ukuta.

Kwa mtoto kama wako hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu katika madarasa ya mwanzo anajifunza kusoma, na baada ya hapo anatakiwa asome ili ajifunze kila kitu kingine. Asiyesoma vizuri husoma kidogo, na anayesoma kidogo huzidi kuachwa. Mwaka 1986 mtafiti wa usomaji Keith Stanovich aliliita jambo hilo athari ya Mathayo, kwa lile neno la Injili kwamba mwenye kitu ataongezewa na asiye na kitu atanyang'anywa hata kile alicho nacho.

Tulirudi shule ya zamani. Yule mwalimu hakunisema, na afadhali angenisema. Alitafuta kabatini daftari la miaka miwili nyuma, akafungua ukurasa wa binti yangu na kuanzia kwenye maneno yaleyale yaliyomkwaza tangu siku alipoondoka. Sasa anasoma, japo wenzake wa rika lake wamemtangulia darasa.

Kwa hiyo ukifika kwenye hiyo shule yako ya asilimia 96, usianzie maktaba wala kwenye vikombe. Uliza jambo moja: mtoto aliyeingia hapa akiwa nyuma katika kusoma, baada ya mwaka mmoja yuko wapi, na nani alikaa naye? Usikubali jibu la mdomo. Mwombe mwalimu wa darasa la pili akuonyeshe kumbukumbu za mtoto mmoja wa namna hiyo, za mwanzo wa mwaka na za mwisho wa mwaka, na akikwambia kwamba taarifa za wanafunzi ni siri, mwambie ana haki kabisa, kisha mpe karatasi afunike jina.