Mpandishe mchawi wako juu

Kaka, kama mchawi wako anakufa raundi ya kwanza kila pambano la Baldur's Gate 3, ule mchezo wa video, mtoe pale chini. Ukipiga kutoka juu unaongezewa 2 kwenye dadu ya shambulio, ile inayoamua kama pigo litapata, ukipiga kutoka chini unakatwa 2. Jana usiku hapa Ngamiani, Tanga, mwenye ngao wangu aliziba mlango, maadui wakabanana kama abiria wa daladala ya Raskazone. Mchawi akamwaga mafuta miguuni mwao, raundi iliyofuata akarusha moto. Waliungua wote, raha tupu! Na kuhani wako akishabariki wenzake 3, asianzishe uchawi mwingine wa umakini, yaani ule anaopaswa kuushikilia akilini ili uendelee, maana baraka nayo ni ya aina hiyo, na inakatika palepale. Hata akipigwa inaweza kukatika, kwa hiyo mfiche nyuma ya ukuta.