Soma silinda kabla ya kununua raba

Ukifika Kisekka hapa Kampala ukaulizia raba za masta silinda, ile pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedeli, ya Peugeot 504 au Land Rover ya zamani, utaulizwa saizi, utalipa, utaondoka. Vijana wengi wanaoanza ufundi huona hapo kazi imefika nusu. Bado haijaanza. Raba mpya ndani ya silinda iliyoliwa na kutu itaanza kuvuja tena muda si mrefu, na safari hii mwenye gari atakuwa barabarani akiamini breki zake ni mpya.

Toa pistoni, osha silinda kwa spiriti, ikaushe, kisha imulike ndani kwa tochi. Angalia zaidi upande wa chini, maana mara nyingi kutu huanzia huko gari likikaa bila kutembea. Pitisha ukucha taratibu. Doa jeusi ambalo ukucha haulisikii linaweza kutoka kwa msasa laini uliolowanishwa mafuta ya breki, ukizungusha, bila kuvuta mbele na nyuma. Ukucha ukikwama kwenye kishimo, acha msasa. Ukiendelea kusugua unapanua silinda, na raba itakosa mahali pa kubana.

Silinda ya namna hiyo mpelekee mkereza vyuma mzuri, mtaani Katwe wapo, aitie slivu, yaani bomba jembamba la ndani, ya shaba nyeupe au ya chuma kisichoshika kutu, kwa kipenyo kilekile cha mwanzo. Hapa simama naye. Ndani ya masta silinda kuna kitundu chembamba mno, mara nyingi hakifiki hata milimita moja, kinachopanda hadi kwenye kopo la mafuta. Slivu ikishaingia, kitundu hicho hutobolewa upya palepale kilipokuwa, na ncha zake hulainishwa zisikate raba. Ukiachia pedeli, raba inapaswa kurudi nyuma ya kitundu hicho ili mafuta yaliyopanuka kwa joto yapate njia. Kikiziba, au fimbo ya pedeli ikifungwa bila nafasi ndogo ya kucheza, breki zitajishika zenyewe gari likipata moto. Fundi asiyekijua kitundu hiki atabadilisha viatu vya breki, atabadilisha springi, na gari litaendelea kushika.

Petroli, dizeli na oili ya injini zisiguse raba hizi hata tone. Raba huvimba. Safisha kwa spiriti, panga kwa mafuta mapya ya breki. Tena yawe mapya kweli, ya chupa iliyofunguliwa siku hiyo, kwa sababu mafuta haya hunywa unyevu wa hewa. Kiwango cha chini cha DOT 3, aina mojawapo ya mafuta ya breki, yakiwa mapya ni kuchemka kwa nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiwango hicho ni 140. Kwenye miteremko ya Kabale au Kapchorwa tofauti hiyo ni kubwa: yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke ukibanwa unasinyaa, pedeli inazama.

Jihadhari pia na nati za paipu. Gari la Kiingereza la zamani mara nyingi lina nyuzi za inchi, 3/8, ambayo ni milimita 9.5. Nati hiyo inaweza kuingia kwenye tundu la milimita 10 na ikaonekana imekaza, kumbe imeshika kidogo tu. Ikiingia kwa ulegevu, itoe, uipime.

Vumbi la dramu za zamani usilipulize kwa kompresa, linaweza kuwa na asbesto, lilowanishe kwanza. Kutoa hewa anza na gurudumu la mbali zaidi na masta silinda, isipokuwa kitabu cha gari kinasema vingine.

Magari mengi ya miaka ya 1950 na 1960 yana mkondo mmoja tu wa breki, gurudumu moja likivuja yote manne yamekwenda. Kwa hiyo gari likishatembea wiki moja, fungua dramu tena, inua mpira wa vumbi wa kila silinda ya gurudumu kwa bisibisi butu. Pakiwa pakavu, funga. Pakiwa na unyevu, silinda hiyo itoke siku hiyohiyo, hata kama mwenye gari anakuambia pedeli iko ngumu na ana haraka.