Wasomaji Wanauliza: Kabla ya Mafuta Yalitafutwa Maji

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, salaam. Mimi ni mchimbaji mdogo wa dhahabu upande wa Busia, hapa Uganda. Dada yangu alikwenda kyeyo, yaani kazi za ng'ambo, mjini Jeddah miaka miwili, akarudi na habari kwamba Saudi Arabia ilikuwa jangwa tupu mpaka Wamarekani walipotoboa kisima kimoja cha mafuta, na utajiri ukamwagika siku ile ile. Wenzangu machimboni wanabisha, wanasema hata huko dhahabu ilitangulia. Nani mkweli?

JIBU: Ndugu yetu wa Busia, wenzako wameukaribia ukweli zaidi ya dada, ingawa hata hiyo dhahabu haikuwa ya kwanza. Kilichotafutwa kwanza kilikuwa maji.

Mfalme Abdulaziz, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Ibn Saud, aliitwaa Riyadh mwaka 1902, akaiteka Hijaz, nchi ya magharibi yenye Makka na Madina, mwaka 1925, na mwezi wa Septemba 1932 akaziunganisha sehemu zote kwa jina la Ufalme wa Saudi Arabia. Hazina yake ilitegemea ada za mahujaji. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mahujaji waliovuka bahari kwenda Makka walipita 100,000 kwa mwaka, lakini uchumi wa dunia ulipoporomoka kuanzia mwaka 1929, katika miaka michache tu hawakufika hata nusu ya idadi hiyo. Serikali ikawa inadaiwa na wafanyabiashara wa Jeddah, na mishahara ya watumishi ikawa inachelewa.

Katika dhiki hiyo, mwaka 1931, alifika Jeddah tajiri mmoja wa Kimarekani, Charles Crane, aliyekuwa na mapenzi makubwa na nchi za Waarabu. Mfalme hakumwomba fedha. Alimwomba mtu wa kumtafutia maji, na Crane akamleta kwa gharama zake mwenyewe Karl Twitchell, mhandisi wa madini ambaye alikuwa amekwisha kumfanyia kazi kama hiyo Yemen. Twitchell aliizunguka Hijaz kwa kilomita zipatazo 2,400, kisha akamweleza mfalme jambo chungu, kwamba hakuona dalili ya maji ya chini ya ardhi yanayoweza kupanda yenyewe yakitobolewa. Pale Jeddah alisaidia kuongeza maji ya chemchemi ya Waziriya kwa pampu inayoendeshwa na upepo, lakini kwa nchi nzima hakuwa na la kuahidi.

Wewe mchimbaji utaielewa haraka sababu yake. Upande wa magharibi wa Arabuni, tangu Bahari ya Shamu hadi ndani, ardhi imekaa juu ya mwamba wa kale sana, mgumu, usio na vitundu vya kuhifadhia maji mengi. Ila mwamba wa namna hiyo, ulipopasuka zamani za kale na maji ya moto ya chini ya ardhi yakapita katika nyufa zake, ndio unaobeba mishipa ya mawe meupe yenye dhahabu, kama hiyo mnayoifuata huko Busia. Basi mwamba ulioninyima maji, angeweza kusema mfalme, ulikuwa umenifichia kitu kingine.

Twitchell akageukia machimbo ya kale. Lililo maarufu ni Mahd adh Dhahab, kusini mashariki ya Madina, na maana ya jina hilo ni susu ya dhahabu, yaani kile kitanda cha kubembelezea mtoto. Watu walichimba hapo katika zama za Makhalifa wa Abbasiya, na wengine kabla yao, wakaacha mashimo, nyundo za mawe, mawe ya kusagia, na vilima vya marudio. Sina haja ya kukufafanulia marudio: ni mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa, ambao mchimbaji mwenye njia bora kuliko aliyemtangulia huurudia na kupata tena. Nyinyi mnaosaga mwamba na kukamatisha dhahabu kwa zebaki mnajua ni kiasi gani kinabaki ndani yake, na wazee wale wa jangwani nao waliacha kingi.

Mwaka 1934 kampuni yenye mitaji ya Kimarekani na ya Kiingereza ilipewa haki ya kuchimba, ikaleta mitambo, na tangu mwaka 1939 hadi 1954 ikatoa, katika marudio na katika mwamba mpya, wakia zipatazo 765,000 za dhahabu, ambazo ni karibu tani 24. Machimbo yalifungwa, yakafunguliwa tena mwaka 1988. Kwa hiyo mwambie dada kwamba kisima alichokisikia ni cha kweli, lakini kabla ya kisima hicho kulikuwa na mhandisi aliyetembea na nyundo mkononi akitafuta maji.

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Hoima. Wanafunzi wangu wanataka kujua mkataba wa kwanza wa mafuta wa Saudi Arabia ulikuwaje, na kwa nini mafuta yetu ya Ziwa Albert, ambayo wazungu waliyajua tangu ukoloni, hayakutoka wakati ule ule.

JIBU: Mwalimu, ahsante kwa swali lenye pande mbili, na mimi nitaanza na hela, kwa sababu ndizo zilizoanza.

Twitchell alipopelekwa upande wa mashariki, Al Hasa, alikuta ardhi ya namna nyingine kabisa, yaani tabaka juu ya tabaka za mashapo, mchanga na tope lililotulia chini ya bahari ya kale. Katikati ya mwaka 1932 mafuta yalipatikana kisiwani Bahrain, ng'ambo kidogo tu ya pwani hiyo, na kampuni iliyoyapata, Standard Oil ya California, ikaja Jeddah kuomba haki ya kutafuta mafuta bara. Mazungumzo yalichukua miezi kadhaa ya mwaka 1933. Upande wa mfalme alikaa waziri wa fedha Abdullah Sulaiman, na mshindani wa Wamarekani alikuwa kampuni ya mafuta ya Iraki, ambayo dau lake lilikuwa dogo mno. Mkataba ulitiwa saini tarehe 29 Mei 1933. Ulikuwa wa miaka 60, wenye mkopo wa kuanzia wa pauni 30,000 za dhahabu, kodi ya pauni 5,000 kila mwaka, na mrabaha, yaani malipo kwa mafuta yatakayotolewa, wa shilingi nne za dhahabu kwa kila tani.

Kwa kuwa Marekani ilikuwa imezuia dhahabu kutoka nchini humo, sarafu zenyewe zilinunuliwa London. Mwezi wa Agosti zikafikishwa Jeddah kwa meli, ndani ya masanduku, na katika benki ya Kiholanzi iliyokuwa ikiwahudumia mahujaji wa Java zikamwagwa mezani, sarafu 35,000, Twitchell akazihesabu moja moja huku Waziri Sulaiman akitazama. Picha hiyo wape wanafunzi wako kabla ya takwimu nyingine yoyote, maana ndiyo serikali nzima ilivyokuwa imekaa, ikingoja meza moja ihesabiwe.

Kisha ukaja ukame wa matumaini. Visima sita vya kwanza vya Dammam, kwenye pwani hiyo ya mashariki, havikutoa cha maana. Mwanajiolojia mkuu Max Steineke ndiye aliyesisitiza kwamba kisima namba 7 kiendelee kushuka, na mwezi wa Machi 1938, kwenye mita 1,441, mafuta yakatoka mapipa zaidi ya 1,500 kwa siku. Hata hapo utajiri haukuja. Meli ya kwanza ilipakia Ras Tanura mwezi wa Mei 1939, na miezi minne baadaye vita vikazuka Ulaya. Kwa maoni yangu, mwaka ulioigeuza nchi ile ni 1950, mkataba ulipobadilishwa na faida ikaanza kugawanywa nusu kwa nusu. Mwaka uliofuata reli ya kutoka Dammam ikafika Riyadh, mwaka 1963 kikaanzishwa chuo cha mafuta na madini huko Dhahran, na kufikia mwaka 1980 serikali ilikuwa imeinunua yote kampuni iliyokuwa ikichimba mafuta hayo.

Sasa njoo kwetu. E. J. Wayland, aliyeongoza idara ya jiolojia ya Uganda, aliandika juu ya michirizi ya mafuta ya bonde la Albert mwaka 1925. Mwaka 1938, mwaka ule ule wa Dammam namba 7, kisima cha Waki kilichimbwa karibu na Butiaba, kikashuka mita zipatazo 1,200. Dalili zilionekana, mafuta ya kuuza hayakupatikana, vita vikaja, na kwa miongo mingi hakuna aliyerudi kuchimba kisima kirefu cha pili, achilia mbali cha saba. Uchunguzi wa sumaku kwa ndege ulifanyika mwaka 1983, sheria ya utafutaji wa mafuta ikapitishwa mwaka 1985, na mwaka 2006 ndipo ilipothibitika kwamba yapo ya kutosha biashara. Ndiyo haya ya bomba la kilomita 1,443 la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga.

Mchimbaji wa Busia aliyetangulia kuuliza na wewe mwalimu mnakaa juu ya miamba miwili ya namna ile ile ya Arabuni, isipokuwa kwetu imegeuka upande: huko dhahabu iko magharibi na mafuta mashariki, hapa dhahabu iko Busia, mashariki, na mafuta yako Bunyoro, huko kwenu Hoima, magharibi. Ukipata usafiri wa shule, washushe wanafunzi chini ya mteremko hadi Kibiro, pale akina mama wanapotengeneza chumvi kando ya chemchemi za moto. Jirani na hapo mafuta huchuruzika yenyewe kwenye ufa, mahali mwamba wa kale unapokutana na mashapo ya ziwa, na mtoto anaweza kuyanusa.