Jino na Taya Baada ya Mionzi: Majibu kwa Wasomaji

Baba alitibiwa saratani ya koo kwa mionzi miaka 6 iliyopita, akapona. Sasa gego la chini linamuuma. Tumpeleke akang'olewe?

Mpelekeni kwa daktari wa meno, lakini asing'olewe kabla daktari huyo hajajua kwamba taya lilipigwa mionzi, upande upi na kwa kipimo gani. Mionzi huharibu mishipa midogo ya damu pamoja na seli zinazojenga mfupa, na uharibifu huo hubaki hata saratani ikishaondoka. Taya la chini huathirika zaidi kwa sababu hupata damu haba kuliko la juu, na hatari huongezeka mfupa ukiwa umepokea zaidi ya grei 60 (grei ni kipimo cha mionzi iliyoingia mwilini). Jino likitoka, tundu ambalo kwa mtu mwingine lingefunga baada ya wiki chache huweza kubaki wazi hadi mfupa ukafa. Miaka 6 haijaiondoa hatari hiyo. Mara nyingi jino huweza kutibiwa mzizi likabaki mahali pake. Ikilazimu kung'oa, afanye daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa. Tafadhali chukueni barua ya hospitali ya mionzi inayoeleza matibabu aliyopewa, hata kama imechakaa.

Mama naye alipigwa mionzi. Ana kidonda kwenye fizi, na ulimi hugusa kitu kigumu chenye ncha, ila hakiumi. Tusubiri?

Msisubiri, kwani huenda huo ni mfupa uliojitokeza, na kutouma kwake kusiwatulize. Kwanza daktari atahakikisha saratani haijarudi, kwa picha na, ikibidi, kwa kukata kipande kidogo cha nyama kikapimwe. Mweleze pia kama mdomo wa chini umekufa ganzi, kama kuna usaha, au kama kinywa hakifunguki vizuri. Eneo dogo husafishwa na kupewa antibiotiki. Baadhi ya hospitali huongeza pentoksifilini, dawa inayosaidia damu kupita vizuri, pamoja na vitamini E. Taya likivunjika au likioza sana, sehemu iliyokufa hukatwa na kujengwa upya, mara nyingi kwa mfupa mwembamba wa mguu.

Naanza mionzi mwezi ujao. Nifanye nini?

Muone daktari wa meno wiki hii. Meno yasiyookoka yang'olewe angalau wiki 2 kabla ya mionzi, ili vidonda vipone. Baadaye mate yatapungua na meno yataoza upesi, hivyo tumia floraidi, madini yanayoimarisha meno, kila siku kama utakavyoelekezwa, na uache sigara kabisa.